Uliza Fundi: Rege ya Kanda na Rege ya Kompyuta

Toleo lililopita nilieleza namna ya kusafisha hedi ya deki, na kwa kupita tu nikataja kwamba bwana aliyeifikisha dabu mahali ilipofika, kule Jamaika, alikuwa fundi redio kama mimi. Sikujua Kigoma ina wapenzi wa rege kiasi hiki. Barua zimekuja, na wengine wamekuja wenyewe kibandani Mwanga wakijifanya wanaulizia bei ya rimoti. Nimechagua chache. Wenye televisheni zinazotoa sauti bila picha, mtanisamehe, zamu yenu ni toleo lijalo.

Shikamoo fundi. Mimi najua dabu ni wimbo wa rege ulioondolewa sauti ya mwimbaji, basi. Sasa huyo fundi redio alifanya kipi cha ajabu? Hata mimi naweza kuzima sauti. (Msomaji, Kasulu)

Marahaba. Nusu umeipata, kwa sababu kweli mambo yalianzia kwenye kuzima sauti. Inasimuliwa kwamba mwishoni mwa miaka ya 60 mwenye disko mmoja wa Spanish Town, Ruddy Redwood, alikwenda kukatiwa santuri ya kupigia kwenye disko lake katika studio ya Treasure Isle, ya Duke Reid, mjini Kingston. Fundi mitambo akasahau kufungua njia ya waimbaji. Redwood akaipeleka vilevile ukumbini, watu wakaimba wenyewe juu ya muziki mtupu na usiku ule haukuisha. Wenye studio wakapiga hesabu haraka: wateja wanaipenda, na tena upande wa pili wa santuri hauhitaji kulipia wimbo mwingine. Upande wa kwanza wimbo, upande wa pili muziki uleule bila maneno. Ubahili umezaa mambo mengi mazuri kwenye muziki, lakini hilo tuliache.

Sasa ndipo anaingia Osbourne Ruddock, anayejulikana kama King Tubby. Alizaliwa 1941. Kazi yake ilikuwa kutengeneza redio, kusuka transfoma na kuunda amplifaya za wenye disko, na disko lake mwenyewe, Home Town Hi-Fi, lilisifika kwa besi nzito isiyokwaruza. Studio aliiweka nyumbani, Dromilly Avenue, mtaa wa Waterhouse. Haikuwa na nafasi ya kuingiza bendi, na chumba cha kuimbia kilikuwa bafu lililogeuzwa matumizi. Kwa hiyo bendi zilirekodi kwingine, maprodyuza kama Bunny Lee wakamletea kanda, yeye akazichanganya.

Kanda zenyewe zilikuwa na njia nne. Njia ya kwanza ngoma, ya pili besi, ya tatu gitaa na kinanda wakibanana, ya nne sauti. Mpangilio uliweza kubadilika, lakini nne ni nne. Kila njia ina feda yake kwenye miksa, kile kitufe unachosukuma: ukipandisha inasikika, ukishusha inanyamaza. Mwanzoni mwa miaka ya 70 Tubby alinunua miksa kuukuu ya MCI kutoka studio ya Dynamic, na miksa ile ilikuwa na kirungu kimoja kikubwa cha kuchuja. Ukikizungusha, besi inakatwa hatua kwa hatua mpaka muziki mzima unabaki wembamba unaolia juu juu. Ukikirudisha, besi inakuangukia kifuani.

Mwangalie akiwa kazini. Mwimbaji anaanza ubeti. Kwenye neno la tatu feda inashuka, lakini kabla sauti haijakatika ameshairusha kwenye mashine ya mwangwi. Mashine hizo za zamani ndani yake mna kanda inayozunguka: hedi moja inarekodi, nyingine iko mbele yake kidogo inasoma. Ukikirudisha kilichosomwa kikarekodiwa tena, neno linajirudia na kujirudia, kila mzunguko likiwa limechakaa zaidi. Neno linaendelea kuzunguka peke yake na chini yake kumebaki ngoma na besi tu. Gitaa linachungulia pigo moja, linapotea. Kisha kuna kisanduku cha springi cha kutoa mvumo. Hicho alikuwa anakigonga makusudi, springi zinagongana, na kwenye spika inatoka radi. Mteja akinigongea amplifaya yangu namna hiyo namfukuza, ila Tubby namruhusu.

Yote hayo yalifanyika kwa mkupuo mmoja, kanda ikitembea, mikono miwili juu ya feda na virungu. Hapakuwa na kompyuta ya kukumbuka ulichofanya. Ukimpa wimbo asubuhi na ukampa uleule jioni, utarudishiwa dabu mbili tofauti. Kuzima sauti unaweza, ndugu yangu wa Kasulu, ila kujua ni sekunde gani uizime ni kazi nyingine.

Usimsahau prodyuza Lee Perry, aliyefungua studio ya Black Ark kwenye uwanja wa nyumba yake mwaka 1973. Huyu naye alikuwa na mashine ya njia nne tu, lakini hakutaka kubaki na vitu vinne. Njia zikijaa, anazibana kwenda njia moja, anapata nafasi ya kuongeza vingine, zikijaa tena anabana tena. Kila ukibana hivyo mlio wa kanda unaongezeka, ule wa kama mvua ya rasharasha. Kwenye kazi zake unausikia waziwazi, na watu wenye programu za bei mbaya leo wanalipia pesa ili waupate.

Assalamu alaykum fundi. Mzee wangu akinikuta nasikiliza rege ya siku hizi anasema zima hizo kelele za kompyuta, rege ilikufa na Bob. Yeye ni Lucky Dube kutwa kucha. Je, ni kweli ilikufa? Na kompyuta iliingia lini? (Kijana wa Ujiji)

Wa alaykum salaam. Usibishane na mzee. Mngoje siku amekula mgebuka wake vizuri, umwombe akuwekee hiyo kanda ya Lucky Dube, kisha umuulize kwa adabu: baba, hizi tarumbeta na hivi vinanda vinavyolia kama kengele, vinatoka wapi? Vinanda vya umeme vimejaa mle ndani. Lucky Dube alitoka kwenye mbaqanga, muziki wa dansi wa kwao Afrika Kusini, akahamia rege katikati ya miaka ya 80, na alihamia rege ya wakati ule, yenye mitambo ya wakati ule. Mzee amekuwa akiishi na mitambo muda wote huo, na amefurahi nayo.

Bob Marley alifariki 11 Mei 1981. Ulipotaka kujua kompyuta iliingia lini, jibu langu ni mwanzo wa 1985, ingawa ngoma za umeme zilikuwepo kabla; mpiga ngoma Sly Dunbar alishaanza kuzipiga akiwa na mwenzake wa besi, Robbie Shakespeare. Kilichopindua meza ni kinanda kidogo cha Casio, MT-40, kilichotoka 1981. Ni kinanda cha nyumbani, cha mtoto kujifunzia, unaweza kukiendesha hata kwa betri. Ndani kina biti zilizotengenezwa tayari, unabonyeza tu. Biti moja iliyowekwa chini ya jina la roki iliundwa na dada mmoja aliyekuwa mgeni kazini Casio, Hiroko Okuda, na huyo dada chuoni alikuwa ameandika kuhusu rege. Kwa hiyo bila makusudi ya kampuni, vidole vyake viliweka rege kwenye kitufe cha roki.

Kinanda kikaishia Waterhouse, mtaa uleule wa Tubby, mikononi mwa Noel Davey na mwimbaji Wayne Smith. Wakakipeleka kwa Prince Jammy, aliyepitia mikononi mwa Tubby kama mwanafunzi. Jammy akaipunguza kasi ile biti, akaongeza vitu vichache, Smith akaimba. Ndio wimbo wa Under Mi Sleng Teng. Februari 1985 Jammy aliufyatua kwenye pambano la disko dhidi ya disko la Black Scorpio, na baada ya hapo kila studio Kingston ilitaka biti za namna ile. Waimbaji wameimba juu ya biti hiyo moja mara mamia. Ndani yake hamna mpiga besi wala mpiga ngoma.

Hapo wapiga vyombo wengi wa studio walikosa kazi, na hilo mzee ana haki ya kulisikitikia. Lakini tazama Tubby alifanya nini. Mwaka uleule wa 1985, kutoka studio yake mpya, aliutoa wimbo wa Anthony Red Rose uitwao Tempo, wa kinanda na mashine tupu, mkavu na wa kutisha. Fundi aliyetukuzwa kwa kanda hakukaa pembeni kulaani mashine. Aliuawa kwa risasi nje ya nyumba yake Februari 1989, na wengi wanaoitetea rege ya zamani kwa jina lake wanasahau kwamba mwisho wake alikuwa mtu wa digitali.

Mimi kompyuta siilaumu. Kinachonikera katika rege nyingi za sasa ni kujaza. Rege ya zamani imejengwa kwa kuacha. Msikilize Carlton Barrett, mpiga ngoma wa Wailers: pigo la kwanza hulipati, analiacha likipita, teke, yaani ngoma kubwa ya mguu, linaangukia la tatu, na wewe mwili wako ndio unaojaza lile la kwanza. Mwenye njia nne alilazimika kuamua nini kikae nje. Mwenye kompyuta ana njia mia, basi anaweka filimbi, anaweka kwaya, anaweka kelele za bahari, halafu anashangaa mbona hakichezeki. Jammy alikuwa na kinanda cha mtoto, na biti yake ina nafasi tupu kuliko rege nyingi zinazorekodiwa leo na bendi kamili.

Na jingine, kwa faida ya mzee: mpiga besi wa nyama na damu anachelewa kidogo mno, anawahi, anakaza kidole pale alipofurahi. Mashine isipoguswa inapiga kila noti kwa nguvu ileile. Kwa hilo nipo upande wake, mpe salamu.

Fundi, nina boksi la kanda za rege alizoacha marehemu kaka yangu. Kijana mmoja alinihamishia chache kwenye fleshi, lakini sauti imefifia, hata maneno hayasikiki vizuri. Je, kanda zimekufa? (Mama, Kibirizi)

Pole sana dada yangu kwa msiba. Kanda hazijafa, nina hakika karibu zote zinaokoleka. Usimpe mtu mwingine kabla hujasoma hapa, na usizipige kwanza.

Kibirizi mko ufukweni, unyevu wa ziwa unaingia hata kabatini. Ishike kanda kwenye mwanga utazame ukingo wa ule utepe kupitia kidirisha. Ukiona unga mweupe ni ukungu, itenge, usiichanganye na nyingine, niletee hiyo. Zisizo na ukungu zizungushe mbele mpaka mwisho na kurudi, ukitumia kalamu ileile ya Bic iliyokuwa ikituokolea betri. Kanda iliyokaa miaka mingi bila kuzungushwa inajigandamiza, ukiiingiza kwenye deki moja kwa moja inaweza kukatika. Zile za dakika 120 ni nyembamba sana, hizo nenda nazo polepole.

Kisha angalia kile kisponji kidogo upande wa chini, katikati, kilichobandikwa kwenye kibati. Kazi yake ni kuubana utepe kwenye hedi. Gundi ikizeeka kinadondoka, na hapo unapata sauti iliyofifia kama uliyoieleza. Kitolewe kingine kwenye kanda mbovu kibandikwe.

Hedi ya deki isafishwe kwa spiriti na pamba, mpaka pamba itoke nyeupe, iachwe ikauke. Mpaka hapo ni mambo ya toleo lililopita. Jipya ni hili: pembeni ya hedi pana skrubu ndogo. Hiyo inailaza hedi upande huu au ule. Kanda nyingi za enzi zile hazikuwa za kiwandani, ni nakala ya nakala, zimeshuka na treni kutoka Dar zikanakiliwa tena hapa, kila duka na deki yake na kila deki na ulalo wake wa hedi. Kwa hiyo kila kanda inataka skrubu ikae pake. Unapiga wimbo, unazungusha kidogo mno, unasikiliza matoazi. Yakitoka makali na kung'aa, umefika, wacha. Kijana wako nina wasiwasi hajui hata kama skrubu ile ipo.

Toa sauti kwenye deki kwa waya, ingiza kwenye kompyuta kwa tundu la laini (line in). Asirekodi kwa simu mbele ya spika hata akuapie. Arekodi kwa WAV, ile ya ubora wa CD. Dakika moja inakula kama MB 10, kwa hiyo kanda ya saa nzima ni kama MB 600. Fleshi ndogo haitoshi, nunua kubwa. Hizo ziweke kama akiba. Za kusikiliza kwenye simu ndizo afanye MP3, na asishuke chini ya kilobiti 192 kwa sekunde. Watu wanasema digitali imeharibu rege, kumbe wanasikiliza MP3 iliyobanwa kupita kiasi, ikahamishwa Bluetooth, ikatumwa kwenye simu tano, ikapigwa kwa spika ya ukubwa wa kiberiti.

Programu zina kitufe cha kuondoa mlio wa kanda. Atumie kidogo au aache kabisa, kwa sababu kinakula matoazi na mwangwi, na kwenye dabu mwangwi ndio mali. Na mwanzoni mwa kanda nyingine utasikia mtu anataja jina la duka lililorekodi, kwa mbwembwe, wimbo ukiwa umeshaanza. Asiikate hiyo.

Mambo fundi. Nina laptopu, nataka kutengeneza dabu. Lazima nitafute miksa ya zamani na mashine za mwangwi za kanda? (Mpenda besi, Kibondo)

Poa. Huhitaji, na ukizipata utashinda unazitengeneza. Wakati Jamaika ilipoiacha dabu kwenye miaka ya 80, waliobaki nayo ni watu kama Mad Professor, London, aliyeanzia studio yake nyumbani mwaka 1979, na Jah Shaka na disko lake. Miaka ya 90 Wajerumani wa Berlin, Mark Ernestus na Moritz von Oswald, wakaichanganya na muziki wao wa mashine ikatoka dabu inayoelea, ya ukungu mtupu. Hao wote walitumia kilichokuwepo mezani.

Nikupe zoezi. Chukua biti yako, hata kama ina njia 40, zikusanye ziwe makundi manne tu: ngoma, besi, gitaa na vinanda, sauti. Weka mwangwi mmoja na mvumo mmoja. Nunua kile kibao cha bei nafuu chenye feda kinachochomekwa kwa waya wa USB, maana kipanya kinashika kitu kimoja kwa wakati mmoja na dabu inataka mikono miwili. Washa kurekodi, piga wimbo mwanzo mpaka mwisho, sukuma, rusha, kata. Ukimaliza usirekebishe hata sehemu moja. Kama hujaridhika, rudia wote. Kumi za kwanza zitakuwa mbaya. Mwangwi uupimie kwenye kasi ya wimbo, ujirudie kila robo tatu ya pigo, utaona unavyoanza kucheza na ngoma badala ya kugombana nayo.

Fundi, kuna Mtanzania aliyepiga rege ya maana, au sisi ni wa kusubiri Jamaika tu? (Msomaji, Katubuka)

Wapo, wewe ndiye hujawatafuta. Anza na marehemu Justin Kalikawe wa Bukoba, aliyeimba rege kwa Kiswahili ukaona kama imezaliwa Kagera. Yupo Jhikoman wa Bagamoyo, yupo Ras Nas aliyehamia Norwei. Sikiliza hao, halafu uniandikie tena.

Nimenunua sabufa. Rege mpya inatikisa mpaka bati la paa, ya zamani haitikisi kitu. Nimeuziwa feki? (Jirani, Mwanga)

Sabufa ni nzima. Uzi mzito kabisa wa gitaa la besi unatetemeka kama mara 41 kwa sekunde, na kinanda cha umeme kinashuka chini ya hapo bila taabu. Zaidi ya hayo, wimbo wa zamani ulikatwa kwenye santuri. Besi ikizidi kwenye santuri mfereji unapanuka, sindano inaruka, kwa hiyo fundi wa kukata aliipunguza. Na wimbo mpya umebanwa ili usikike mkubwa tangu sekunde ya kwanza, wa zamani unapanda na kushuka.

Ukiweka wa zamani ongeza sauti ya jumla, uache kirungu cha besi katikati. Ukiweka mpya kipunguze. Sabufa iondoe kwenye kona ya chumba, kona inavimbisha besi mpaka noti zote zinakuwa moja. Ivute mbele hatua mbili usikilize tofauti. Kuhusu bati, hilo ni la fundi seremala.